Jiwe Langu Katika Foleni

Simu ilinikatalia kwanza.
Nikabonyeza nyota, nikabonyeza reli,
ikasema: samahani, jaribu tena baadaye.
Baadaye ikasema vilevile, kwa sauti ya adabu,
kama karani anayetafuna karanga.

Basi nikafunga kibanda changu cha pancha Mianzini,
nikaliacha tairi la Loishiye ndani ya karai
likipumua mapovu,
nikashuka kwa miguu hadi uwanjani.

Saa kumi alfajiri. Julai.
Baridi ya Arusha haikupigi, inakukopa:
inachukua vidole, inachukua masikio,
inaahidi kurudisha jua likitoka.
Meru umejifunika hadi kidevuni.

Foleni nimeikuta, ila si ya watu.
Ya mawe.
Mawe, ndoo isiyo na mpini, kandambili ya kushoto,
dumu lililoandikwa PALLANGYO ANARUDI.
Nikaokota jiwe, nikaliandika kwa mkaa,
nikasimama kando kulichunga
kama mtu mwenye mbuzi mmoja.
Nilipotoka kujisaidia na kurudi, nyuma yake
palikuwa na sufuria iliyotoboka.
Nikahisi nimewahi kuiona mahali.

Miaka ishirini na sita timu yetu haijagusa fainali.
Mara ya mwisho nilikuwa darasa la tatu;
baba alinibeba mabegani,
na mbele yetu akasimama mtu mwenye pama.
Dakika tisini za pama.
Nataka kuuona mpira, basi.

Kulipokucha, mawe yakaota watu.
Sifueli mlanguzi akapita na koti lake refu:
"Dirishani elfu kumi, ukipata.
Kwangu elfu sitini, na huchoki."
Nikapiga hesabu. Elfu sitini ni pancha thelathini,
pancha thelathini ni misumari thelathini,
na Mungu hamwagi misumari hivyo kwa ajili yangu.
Nikamwambia, kaka, kuchoka nimezoea.

Saa tano. Saa sita.
Dirisha lenyewe dogo, kama la banda la kuku.
Mwenye kandambili akanunua tano,
tukamlaani kwa lugha nne.
Kisha mimi.
Binti wa ndani akainua kidole:
"Imebaki hii. Ni hii tu, baba."
Noti yangu imelowa jasho katikati ya baridi ile.
Nikanyoosha mkono.

Nyuma yangu mtu akakohoa.

Kikohozi hicho nakijua.
Kilikohoa siku ya posa, mjomba wangu alipokosea idadi ya mbuzi.
Kilikohoa kanisani Ngaramtoni, nilipoiangusha pete.
Nikageuka polepole; mkwe hageukiwi kwa haraka.
Mama Ndeanasia, mzee wa kanisa, mwekahazina wa kwaya,
kitenge cha Jumapili, na chini ya kitenge,
ikichungulia,
skafu ya timu yetu.

Sufuria ile! Ndiyo iliyopikia wali wa harusi yangu.

"Shikamoo, mama."
"Marahaba. Endelea tu, mwanangu. Mimi nilikuwa napita."

Sheria za mpira zina rufaa.
Za ukwe hazina.
"Hii ni yako, mama. Nilikuwa nakushikia foleni."
Nikangoja akatae; adabu inataka ukatae mara mbili.
Hakukataa hata mara moja.

Jumamosi nilikuwa nje, mgongo kwenye ukuta,
nikiusikiliza uwanja ukivuta pumzi na kuishusha.
Simu ikaita.
"Baba Ndekirwa! Huyu beki wa kushoto hana akili!
Ngoja. Kona. Ni yetu.
Yule mrefu, namba sita, anakuja, anaruka, ana…"

Ukuta ukatetemeka mgongoni mwangu.
Kelele zikaniingia mara mbili, sikio hili na lile.
"Mama? Limeingia? Mama!"

Hakunijibu.
Mwekahazina wa kwaya, vidole viwili mdomoni,
alikuwa anapiga mluzi.