Kilo ya Gunia

Mwezi wa tano ghala namba sita halina kitu.
Korosho zimekwenda bandarini, imebaki harufu
na lile vumbi la kwenye kope ambalo halitoki hata ukaoga.
Ndipo akaja Somoe binti Nangonga, wa Chikongola,
na barua yenye mhuri wa manispaa:
aazimwe ghala siku kumi na mbili.
"Utaweka nini?"
"Nafasi," akasema.
Nikampa ufunguo. Nafasi tunayo tele.

Baba yake namfahamu, fundi wa mpingo,
aliyetoa watu kwenye gogo kama mkunga,
huyu kambeba yule, yule kambeba yule,
mpaka mti ukaisha.
Nikasema, maji hufuata mkondo.

Hayakufuata.
Alileta magunia. Yaleyale yetu ya juti,
yenye wino wa chama cha msingi ubavuni.
Kayapika katika uji wa muhogo, kayajaza mchanga,
kayaanika mpaka yakakauka kama ngozi ya ngoma,
kisha mchanga akaumwaga.
Yamesimama. Themanini na manne. Yameshiba hewa.
Hili limelegea bega kama lililotuliwa sasa hivi,
lile limebonyea kiunoni, pale mpagazi anapolikumbatia.
Chungulia mdomoni: giza lenye tumbo.

Chitanda, mpagazi wetu wa siku nyingi, akazunguka mara mbili.
"Haya, na sanamu iko wapi?"
Wanachuo wa ualimu wakapiga picha.
Mgeni rasmi akasema umbo, akasema ubunifu,
akasema fursa, akatazama saa.
Mimi mlangoni na daftari,
nahesabu wanaoingia, kwa mazoea, kama mzigo.

Kisha Bi Sikudhani Mnali, wa Nanyamba,
akatia mkono ndani ya gunia, ukazama hadi kwapani.
Akautoa. Akaunusa.
"Kumbe iko huku," akasema, "ile kilo."
Hakunitazama. Au alinitazama.

Niseme basi.
Washairi wana mizani yao; yangu ni ya chuma,
ina lakiri ya wakala wa vipimo.
Kila gunia linalopanda hukatwa kilo moja,
ya gunia lenyewe. Ndiyo taratibu, niliikuta.
Mkulima husema "lakini", mimi huandika.
Nina miaka kumi na saba ya hiyo "lakini"
na mwandiko wangu ni mzuri, kila mkaguzi ausifu.

Jioni nilifunga mlango nikiwa ndani.
Nikanyanyua moja, jepesi kama mtoto aliyeuguza homa,
nikalipandisha.
Mshale ukatetemeka, ukasimama gramu mia saba.
Nikalishusha, nikapandisha jingine.
Mia saba na kidogo. Na uji wa muhogo humo humo.

Nikakaa juu ya saruji.
Gramu mia tatu ni nini? Viganja vichache vya korosho,
za kumpoza mtoto njiani.
Lakini zipange humu, sakafuni hadi kwenye kenchi,
msimu juu ya msimu,
utapata chumba. Pengine na dirisha.
Taa ya barabarani ilipita katikati ya juti,
ikaandika ukutani vijumba vijumba,
nikavihesabu mpaka nikapotea.

Asubuhi nilimuuliza, "Ulijua?"
"Nilijua nini?" Anabandua uji mkavu kwenye kucha.
"Mimi nilitaka kuona tu
kitu kikishatoka, kinaacha mwili gani."

Siku ya kumi na tatu aliyapakia kwenye fuso.
Hayakunjiki, yanavunjika.
Moja lilibaki nyuma ya mlango. Nimeliacha hapo,
panya wameshalikataa.

Leo ni Oktoba. Gunia la kwanza limepanda.
Mshale umetulia, kalamu iko hewani.
"Andika basi, mwanangu," anasema mwenye mzigo,
"jua kali."