Fundo la Ubao

Frau Hänel alikuja na ukosi wa lesi,
nywele amezibana kwa pini saba,
akaketi wima kama anayepigwa picha ya pasipoti.
Dobi wa Chemnitz, vidole vimechunika kwa magadi;
alivificha chini ya aproni.

Mimi nilikuwa mwanagenzi. Kazi yangu kukoroga wino
na kuhesabu makaa.
Walburga hakuchora kwanza. Aliuinamia ubao wa mpeasi,
patasi ikala, unga wa mti ukamjaa nyusini,
akafika kooni, akakuta fundo.
Fundo gumu, jeusi, kubwa kama jicho la ng'ombe.
Nikasema, tubadili ubao.
Akasema, huyu mama amelimeza tangu vita viishe,
wewe unataka nilipeleke wapi?

Rangi ya kwanza, kijani. Si kijani cha majani:
kijani cha nyongo,
cha shaba iliyosahauliwa mvuani.
Tukaupaka uso mzima.
Ya pili, manjano, kwenye kipaji,
pale mwanga wa taa unapotua
mtu akisubiri hodi usiku.
Ya tatu nyekundu, ya mdomo tu,
nami mikono ilikuwa imekufa ganzi,
karatasi ikanicheza.
Wekundu ukaangukia pembeni, upana wa kidole,
nje ya midomo.

Nilitaka kuichana.
Walburga akanikamata kifundo cha mkono.

Kesho yake Frau Hänel akaja kujiona.
Alisimama bila kuvua koti.
"Mimi si kijani," akasema.
Hatukujibu. Jiko lilikohoa.
"Na mdomo umetoka mahali pake."
"Umetoka," akasema Walburga.

Kisha akasogea,
akanyoosha kidole kilichochunika
akaugusa ule wekundu, haujakauka bado,
na akaita jina. Si langu, si la Walburga.
Gerwin, akasema. Gerwin. Gerwin,
kwa sauti ya mama aitaye mtoto
supu isije ikapoa.

Fundo lilikuwa pale pale kooni, jeusi,
wino haukulifunika.

Nilimpa kitambaa chenye mafuta ya taa ajifute.
Akakikataa.
Picha nayo hakuiulizia tena.
Akashuka ngazi, kidole amekiinua juu,
kama mtu aliyejikata
na hataki damu iguse lesi.