Ngazi ya Nne

Mimi sikuwa mgonjwa. Nilimsindikiza dada,
Nyamizi, miguu imemvimba hadi kandambili zimekataa.
Tulitoka Urambo na basi la alfajiri,
khanga yake bado inanuka moshi wa bani.

Ngazi za hospitali pale Tabora mjini
ni saba tu, nimezihesabu.
Ya nne nilisimama, nikajifanya nafunga mkoba.
Kijana wa picha za moyo aliniona. Hakusema kitu.

Alianza na Nyamizi. Lalia ubavu wa kushoto, mama.
Jeli ya baridi kifuani, taa ikazimwa,
na moyo wake ukatokea kwenye kioo:
nyumba ambayo chumba cha kulia kimesukuma ukuta
hadi cha kushoto kimejibana
kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Kijana alipima, akapima tena,
akaandika polepole.

Kisha: "Na wewe, ile ngazi ya nne?"

Nikacheka. Nikasingizia unene. Nikasingizia umri,
arobaini na moja, watoto watano,
misimu ishirini ya kuchochea kuni usiku tumbaku ikauke.
Presha yangu wamepima mapokezi, nikamwambia, iko sawa.
"Hiyo ni ya mkono. Mapafu yana yake,
na hayafungiki kitambaa."

Basi nikalala, nikaona.
Nyekundu inakuja, buluu inakwenda;
si rangi za damu, alinieleza,
ni njia tu, inaelekea wapi.
Na hapo katikati, kimlango cha upande wa kulia
kinavujisha uzi mwembamba.
"Huu ndio shahidi wangu.
Kasi yake inanitajia nguvu inayousukuma mlango."

Namba ikajitokeza pembeni. Si kubwa.
Imevuka mpaka kidogo,
kama mbuzi aliyeingiza kichwa tu shambani.
"Umewahi," akasema, halafu akajirudi:
picha hushuku, haihukumu;
kuna kipimo cha waya, hadi ndani ya moyo wenyewe,
lakini si hapa. Akaniandikia barua.

Nyamizi alikuwa anahangaika na vifungo.
Hakuuliza yake ni ngapi.
Aliuliza yangu.

Tulishuka taratibu, yeye kanishika bega,
barua yangu kaibana kwapani, ya kwake kaniachia mimi.
Ngazi ya nne akasimama.
"Kuni za msimu huu," akasema,
"achochee mwingine."