Kaakaa

Daktari wa meno pale Masaka aliniahidi
nitatafuna kama msichana.
Habari ya chumvi hakuigusa.

Miaka thelathini na mmoja nimepikia harusi za Nyendo,
nimepikia matanga, maulidi, kampeni za madiwani,
na chumvi sijawahi kuipima kwa kijiko.
Tone kiganjani, ulimi ukalipeleka juu,
kaakaa likasema: bado. Au: basi.
Sasa huko juu pana dari la plastiki,
jekundu la kufifia, kama ufizi wa kwenye kalenda,
na mchuzi ukifika
unabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Hata moto siusikii.
Chai naimeza nikidhani ni vuguvugu,
inakuja kuniunguza kooni.
Na ule moto wa matoke yanapofunuliwa tu majani,
unaokufanya uhemee juu juu, ha, ha,
machozi yanatoka na mkono umesharudi sahanini,
umebaki upande wa pili wa ukuta.

Nisikufuru.
Mwaka mzima nilikula uji na aibu,
nikicheka nimeziba mdomo kwa leso.
Leo nacheka wazi. Hajati Nabaggala anasema
nimerudi nyuma miaka kumi.
Lakini nyama ya kuchoma naizungusha mdomoni
kama shahidi aliyekula rushwa,
na karanga, punje moja tu ikipenya chini ya bamba,
ni changarawe ndani ya kiatu, na safari ni ndefu.
Muwa nimeuaga. Pingili yangu nilimpa mjukuu, Ssenyange,
nikakaa karibu nikimsikiliza anavyoupasua.

Kisha Novemba, senene wakashuka.
Usiku kucha taa zile kali, mabati yamesimama wima,
mapipa yakijaa kijani.
Nilinunua kikombe, nikanyonyoa mabawa na miguu,
nikakaanga kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu kidogo.
Nikatia mdomoni.
Mlio ulikuwepo, sikatai.
Ila sikujua unatoka kwa senene au kwa meno.
Nilitafuna kelele, nikameza kelele,
na mguu mmoja niliousahau kuunyonyoa
ukapanga chumba chini ya bamba hadi magharibi.

Harusi ya kwanza niliyopika na meno haya
wageni walikunywa maji mpaka mapipa yakalia matupu.
Hakuna aliyesema neno.
Waliniaga kwa mikono miwili, wakasifu wali.
Afadhali wangenitukana.

Jumamosi hii ilikuwa zamu ya binti wa Kasirye.
Sufuria sita, luwombo wa kuku na karanga,
Namuddu ananifuata na mwiko: Mama, chumvi?
Nikamwambia ngoja.
Nikazunguka nyuma ya turubai, pale penye kuni,
nikawapa mgongo watu wote wa Nyendo,
nikayatoa. Kop.
Nikayafunga kwenye leso, nikaupokea mwiko.

Lo!
Moshi wa jani la mgomba ulikuja kwanza,
halafu karanga, nzito, ikijitandaza kama mwenye nyumba,
halafu kitunguu, halafu kuku aliyetembea maisha yake yote,
na huko mwisho kabisa, nyuma ya wenzake,
chumvi, inaona haya kuingia.
Na moto! Niliunguka kaakaa kama mjinga,
nikasimama pale nahema, ha, ha,
machozi yananitiririka.

"Ongesha," nikasema. Bila meno, ndivyo lilivyotoka.
Namuddu hakucheka.
Nilipogeuka nilimkuta amenipa mgongo yeye pia,
khanga yake ameitanua kwa mikono yote miwili
kama pazia la maharusi,
asinione mtu.
Akaenda akaongeza nusu kiganja. Akarudi.
Nikaonja tena, taratibu, sina haraka na mtu.

Meno yalikuwa yakinisubiri ndani ya leso,
yamekenua, hayajui lolote.