Mistari Isizidi Mitatu

Fomu imefika kutoka Kasulu kwa bodaboda,
ndani ya mfuko wa rambo, pamoja na betri za redio
na dawa ya mbuzi ya mzee Gwasa.
Kichwa chake kimekolezwa wino:
MAONI YA WADAU KUHUSU MABORESHO YA ELIMU.
Miaka kumi na tisa nilikuwa mwalimu,
leo nimepandishwa cheo: mdau.

Chini kabisa, baada ya jina na sahihi,
pana nafasi yangu:
"Eleza kwa kifupi. Mistari isizidi mitatu."

Basi naanzia nyuma ya daftari la mahudhurio.
Hiyo mitatu nitaipata nikishachoka.

Mtaala wa kwanza niliukuta.
Wa pili ulinikuta.
Wa tatu ulikuja na semina ya siku mbili,
soda, sambusa, nauli iliyokatwa njiani;
mwezeshaji akachora duara, ndani ya duara mtoto,
akasema: huyu ndiye kitovu cha ujifunzaji.
Tukanakili duara.
Niliporudi shuleni, vitovu vilikuwa mia na thelathini na moja,
vinne kwenye dawati la wawili,
vilivyobaki sakafuni, magoti ndiyo meza.
Nikapita kwa ncha za vidole
nisije nikakikanyaga kitovu mkono.

Wa nne umo ndani ya kishikwambi.
Kizuri, siongopi, kinameta kama mgebuka wa alfajiri.
Nakipeleka kwa Yoramu, kwenye mashine ya kusaga,
shilingi mia tano kukichaji;
kinarudi na unga masikioni
na nusu ya mtaala.

Halafu kuna mvua. Hakuna waraka unaoitaja.
Ikitokea upande wa Burundi na kupiga bati lisilo dari,
mdomo wangu unafundisha, sauti haifiki dawati la pili.
Siku hizo naandika tu ubaoni,
chaki moja tumeikata mara tatu,
na watoto wananisoma usoni
kama viziwi wenye adabu.

Siandiki haya kulalamika.
Haya, nalalamika.
Ila kuna jingine.

Bukuru na Butoyi, pacha, darasa la tano.
Jumatatu anakuja Bukuru, Jumanne Butoyi,
Jumatano Bukuru tena.
Anayebaki nyumbani ana mdogo wao mgongoni;
mama yuko kwenye kinu cha mawese tangu jogoo la kwanza.
Daftari langu linawaonyesha kama kitana kilichong'oka meno:
yupo, hayupo, yupo, hayupo.
Wilayani wakaliona, wakaandika kwa wino mwekundu:
UTORO SUGU. MWALIMU ATOE MAELEZO.

Maelezo ni haya.
Jumanne moja nilimuuliza Butoyi desimali,
somo la jana yake, ambayo hakuwepo.
Akajibu, hata nukta hakuikosea mahali.
Nani kakufundisha?
"Bukuru. Usiku. Kwa kaa."
Huandika ukutani kwa kaa la jikoni,
Jumamosi mama husiriba udongo mpya,
na wao huanza ukurasa mwingine.
Akikosea, Bukuru humwambia maneno yangu yaleyale,
tulia, rudia, hujachelewa,
ila kwa Kiha,
lugha niliyokatazwa kuiingiza darasani,
na ndani ya lugha hiyo nukta ilipata pa kukaa.

Nikalikumbuka lile duara la semina.
Kumbe lilikuwa limeshachorwa,
ukutani, gizani,
na hapakuwa na mwezeshaji.

Nimechoka sasa. Mistari mitatu:

Wa kwanza: Leteni chaki, na dari, masika hayasubiri bajeti.
Wa pili: Kabla ya kuandika mtoro, ulizeni kambeba nani.
Wa tatu nimeuacha wazi.
Kesho ni Alhamisi, zamu ya Butoyi,
naye ana mwandiko mzuri kuliko wangu.