Vidato Sabini na Viwili

Ni vidato sabini na viwili, nimevihesabu kwa magoti.
Hapa Łódź, wakati wa baridi, jua hatupewi, tunakopeshwa,
na saa kumi na moja alfajiri mimi na ndoo yangu
tumeshafika ghorofa ya pili,
tambara mkononi, rozari mfukoni mwa aproni,
Salamu Maria moja kwa kila kidato,
isipokuwa pale kwenye kona ya tatu
ambapo hunitoka neno jingine.

Ni kwa sababu ya mbwa.
Bursztyn, mbwa wa Bwana Gawroński, manyoya kama ufagio uliochakaa,
hupanda na theluji, hushuka na tope,
na bwana wake nyuma yake, kimya,
hajui kama mimi ni mtu au ni chuma cha kushikia.

Jumatano ya Majivu niliahidi: siku arobaini bila kunung'unika.
Alhamisi, kabla ya chai, ahadi ilikuwa imevunjika
na majivu bado yako kwenye foronya.

Padre Ludomir amenizoea sauti.
"Ni yule jirani?" huuliza, sijamaliza hata ishara ya msalaba.
Ni yule, Padre. Na mimi ni yuleyule.
Dhambi yangu imezeeka nami, tunavaa viatu vya saizi moja.
Nilipokuwa msichana nilimwomba Mungu niwe mfiadini:
simba, moto, upanga, umati ukilia.
Akanipa tambara.

Juzi bomba la joto lilipasuka, jengo zima likawa jokofu.
Nikapika supu ya viazi vyekundu, nikajipakulia,
nikashika kijiko,
kijiko kikakataa kuinuka.
Nikasonya. Nikamwambia Mungu maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.
Kisha nikapanda na sufuria hadi ghorofa ya nne,
bila sala hata moja, uso nimeukunja.

Juu ya mlango wake kuna herufi za chaki,
baraka za Epifania, na mwaka:
ule mwaka aliozikwa mkewe.
Hakuandika tena, wala hakufuta.
Miaka mitatu nasugua kizingiti chake
na sijawahi kuinua macho.

Akafungua, blanketi juu ya koti.
Mbwa akanilamba kidole.
Mzee akaonja palepale, wima, akasema,
"Haina chumvi."

Ulimi wangu, huu usio na mfupa,
ulishakimbia hadi kwenye meno.
Nikajikaza kisabuni.
"Nitakuletea," nikasema,
nikamvutia mlango polepole, polepole,
mpaka kitasa kikalia kama punje ikidondoka.

Basi, ni hilo tu.
Kengele hazikulia. Bomba halikupona.
Nilishuka kuchukua chumvi, na kwenye kona ya tatu
nikakanyaga tope bichi la Bursztyn,
na lile neno
likanitoka.

Kidato cha kwanza, Bwana. Mwaka wa hamsini na nane,
na bado niko kidato cha kwanza.
Lakini chumvi niliipeleka.