Bunduki Inayodanganya

Mmeniuliza pale kwenye mizani, magunia yakingoja zamu,
mimi Somoe Hokororo, mpima korosho wa Nanganga:
"Wewe uliyezishika zote, tamu ipi?"
Mkadhani nitaitaja kubwa.

Ya kwanza ilikuwa mwanzi na kijiti cha mpera.
Ukurasa wa daftari la Hesabu, utafune mpaka uwe uji,
donge moja mbele, la pili nyuma, sukuma,
paa! kwenye kisogo cha Likapa, dawati la mbele.
Fimbo nne. Sikulia. Kicheko kilikuwa hakijaisha.

Halafu gobore la mjomba Chilumba,
refu kunishinda, kuukuu kuliko ndoa zake zote tatu,
kitako kimefungwa kwa waya wa baiskeli.
Kazi yake kutishia nguruwe kwenye mihogo,
lakini Desemba ile, wari wa jando walipotoka,
likashindiliwa baruti tupu na makumbi ya nazi,
mjomba akasema, "Haya, wapokee kaka zako."
Nikafumba macho yote mawili.
Likanikalisha chini.
Moshi mweupe, harufu ya mayai viza,
na shangazi zangu wakipiga vigelegele kana kwamba nimezaa.
Bega likaiva wiki nzima kama papai.
Nililionyesha kwa aliyetaka na asiyetaka.

Ya mgambo? Nyoofu. Hilo silikani.
Risasi tano, na maganda matano umrudishie koplo mkononi;
likipungua moja, mnachambua nyasi mpaka magharibi.
Nne zangu ziliingia katikati. Akaniandika jina.
Ila shabaha ile ilikuwa na kichwa na mabega,
na aliyeichora alikuwa fundi:
aliiwekea mpaka masikio.

Yangu mimi iko Ngongo, siku za Nanenane,
nyuma ya banda la mbuzi wa maziwa,
kwa kijana Nantanga, yule mwenye kofia ya benki.
Bunduki ya upepo, mia tano risasi tatu.
Ubao wa misumari: vizibo vya soda, pipi za kijiti,
mche wa sabuni ukining'inia kwa uzi, maputo.
Inadanganya. Yeye anajua, mimi najua.
Mtutu umepinda kama ahadi ya mdaiwa.
Risasi ya kwanza unaitupa tu, uisikilize:
inakwenda kushoto, upana wa viganja viwili.
Basi unalenga pipi ili upate sabuni.
Pumzi nusu unaitoa, nusu unaiweka akiba,
kidole unakikunja polepole
kama unayeminya jipu la mtoto aliyelala.
Tik. Uzi umekatika.
Kuujua uongo wa chuma mpaka ukutumikie,
niambieni, gobore lina hilo?

Mwaka jana nililenga puto.
Nyuma yangu alisimama mama mmoja wa ng'ambo ya Ruvuma,
mikeka kichwani, binti wa miaka sita mkononi.
Puto likapasuka, sauti ndogo, ya sherehe.
Nilipogeuka binti alikuwa kifudifudi mavumbini,
viganja juu ya kisogo, kimya,
haraka, kama mwanafunzi anayelijua jibu.
Mama yake keshamlalia juu.
Mikeka ilikuwa bado inabingirika.

Nantanga hakusema neno.
Aliyashusha maputo, akayafungua mafundo
moja moja, kwa kucha,
yakasinyaa bila sauti mfukoni mwake.

Mimi nilibaki na risasi mbili.
Binti akakung'utwa vumbi, akasogea, akaitazama bunduki
kama anavyotazamwa mbwa wa mtu mwingine.
"Inaua?"
"Hii? Haiui hata sabuni. Inaiangusha tu."
Nikamwekea kirisasi kiganjani. Kidogo kuliko punje ya mtama.
Alikigeuza, akakinusa, akanirudishia.
Kisha akaunyooshea kidole ule mche,
wa bluu, wenye mistari.

Nikalenga pipi.